Majembe ya Yugoslavia Yalivyonipa Dada

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Wenye hoteli wameshayafungia maandazi. Nitakueleza kwa ufupi.

Mimi ni Kiilu wa Mtito Andei. Mwaka huo wa sabini na sita nilikuwa ajenti wa biashara kati ya Nuu, kijiji cha Kitui, na Yugoslavia. Usicheke. Wafugaji nyuki wa Nuu walikuwa watoe asali na nta, kiwanda kimoja cha Yugoslavia kilete majembe, na katika hao wote asiwepo wa kugusa hata shilingi. Asali iende, majembe yaje. Katikati nilisimama mimi, ndani ya ovaroli ya buluu niliyotumiwa na kiwanda.

Lakini roho yangu haikuwa kwa majembe. Ilikuwa kwa Kalunde, binti ya Mzee Ndululu, mwenyekiti wa wafugaji hao. Kalunde alikuwa amekubali. Baba yake ndiye aliyeniwekea vikwazo: kwanza majembe yafike, halafu nimwambie mimi ni wa mbai gani. Mbai ni ukoo, na kwetu Ukambani watu wa mbai moja hawaoani hata mmoja akiwa anakaa Nuu na mwingine Marekani.

Hilo la mbai ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Baba sikumjua. Mama alinifia nikiwa mdogo, nikalelewa na mwenye hoteli pale malori yanapolala. Madereva wa malori hawana mbai, wana kampuni. Kila Mzee alipouliza, nilikuwa nakohoa na kuzungumzia mvua.

Na pembeni alikuwako Nzomo, mwenye duka kule Mwingi, kijana ambaye mbai yake inajulikana mpaka kwa babu wa babu yake. Alikuwa akimtaka Kalunde, na alikuwa akingoja nianguke.

Wiki jana mliniacha juu ya lori, tukielekea Nuu na majembe, mzungu mmoja na mbuzi watatu wa ntheo. Hao ntheo ndio mbuzi wanaomfanya mwanamke wa Kikamba awe mke wa mtu. Wasipofika kwao, hajaolewa, hata akizeeka nyumbani kwako.

Basi tulifika.

Lori lilisimama mbele ya stoo ya chama. Watu walikuwa wengi, maana habari ya mzungu anayeleta majembe bila kuyauza ilikuwa imetutangulia. Mzee Ndululu alisimama mbele na koti lake la kanisani, na nyuma yake wazee wenzake wa mbai. Mlangoni alikuwepo Kalunde na mama yake, Kavata. Kalunde aliniangalia, akaangalia mbuzi, akainama akicheka. Nikajua siku yangu imefika.

"Huyu ndiye Bwana Zoran," nikasema. "Ametoka kiwandani. Amekuja kuonja asali kabla haijafungwa."

Zoran aliruka chini, mtu mrefu mwenye ndevu mpaka kifuani, akashika mkono wa Mzee kwa mikono yake yote miwili.

"Habari, baba," alisema. Kiswahili chake alikuwa amekiokota barabarani.

Mwenye lori alikuwa Jabiri, mtu wa Mwingi ambaye babu zake walitoka pwani, mpole asiyependa makelele. Alifungua fungu la kwanza, akampa Mzee jembe moja.

Mzee Ndululu alilipima mkononi. Akaligonga kwa ukucha, likalia vizuri. Akaligeuza. Kisha akalisogeza karibu na macho.

Akampa mzee aliyekuwa karibu. Huyo naye akaliangalia, akampitishia jirani yake. Jembe likatembea kwa wazee wote, na kila lilipofika mdomo ukafungwa. Nikadhani lina ufa.

"Kiilu," Mzee akaniita. "Hii majembe ni ya nani?"

"Ni ya Yugoslavia, Mzee."

"Na hii alama ni ya nani?"

Nikaangalia. Kwenye shingo ya jembe kiwanda kilikuwa kimepiga muhuri wake: mguu wa kuku, lakini kidole kimoja kifupi. Nilikuwa nimeuona mara nyingi nikauzoea. Hata kifuani kwa ovaroli yangu ulikuwepo, umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Ni ya kiwanda."

"Njoo ndani."

Alinishika kiwiko akaniingiza stoo. Ukutani ilikuwa imepangwa mizinga ya magogo iliyoletwa kuzibwa nyufa. Kwenye kila mzinga, palipochomwa kwa chuma cha moto, palikuwa na mguu wa kuku. Kidole kimoja kifupi.

"Hiyo ni alama ya mbai yetu," akasema. "Iko kwa mizinga, iko kwa mishale, iko kwa ng'ombe. Mtu wa mbai akisikia njaa huko porini, akiona mzinga na hiyo alama, anakula na hakuna mtu atamuuliza. Mtu wa nje akigusa, huyo ni mwizi wa asali. Kitu yoyote iko na hiyo alama ni yetu. Unaelewa?"

"Naelewa, Mzee."

"Sasa niambie pole pole, maana mimi nimezeeka. Umetuleta hapa tubadilishane asali yetu na majembe yetu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lolote juu ya uzito, juu ya mpini, hata juu ya mbai yangu. Hilo sikuwa nimeliwazia.

Tulitoka nje. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye benchi la stoo, na jembe limelazwa chini mbele yao kama mshtakiwa.

"Hapa mambo ni mawili," Mzee Ndululu akawaambia. "Hawa watu wameiba alama yetu, ama ni watu wetu walipotea. Hakuna ya tatu."

"Mzee," nikasema, "haiwezi kuwa imetokea tu?"

"Imetokea aje? Wewe umewahi kukuta ng'ombe ya mtu mwingine iko na alama yako, halafu useme imetokea tu?"

Wazee wakatikisa vichwa. Jabiri akanivuta ovaroli kwa nyuma.

"Kiilu, nakusihi, nyamaza," akaninong'oneza. "Jambo la wazee waachie wazee. Tupakie majembe yetu twende zetu, tutarudi wakishapoa."

Ningemsikiliza Jabiri, leo ningekuwa na habari nyingine ya kuwasimulia. Lakini nilipiga hesabu yangu haraka. Wakiamua ni wizi, mimi ni ajenti wa wezi, na hakuna mzee anayempa ajenti wa wezi binti yake. Wakiamua ni ndugu waliopotea, kila mtu atafurahi, na siku ya furaha mbuzi wa ntheo hupokelewa bila maswali mengi. Hata lile la mbai yangu lingeweza kusahaulika.

"Mimi naona ni watu wenu," nikasema kwa sauti. "Walipotea."

Huku nyuma Jabiri alishusha pumzi ndefu.

Wazee waliligeuza neno hilo. Mmoja akakumbuka kwamba alikuwako mtu wa mbai, Kitonga, aliyefuata msafara wa pembe za ndovu kwenda pwani zamani hizo na hakuonekana tena. Mwingine akasema Kitonga alikuwa mtu wa kupenda kwenda mbali. Wa tatu akasema basi ni wazi alipanda meli.

Mzee Ndululu akamgeukia mgeni. "Babu yako alikuwa anafuga nyuki?"

Zoran alitoa macho. "Babu yangu? Nyuki mingi. Juu, mlimani. Mzinga ya mti, hivi." Akaonyesha kwa mikono gogo lililotobolewa. Haya mambo nayaandika kama yalivyokuwa, sikuongeza chumvi.

Wazee wakaangaliana. Likaletwa sega kwenye kibuyu, sega bichi lenye watoto wa nyuki ndani, lile ambalo hata mimi hulitafuna nimefumba macho. Zoran alilila lote, akalamba vidole mpaka kwenye kifundo, akauliza kama liko lingine.

"Huyo ni mtoto wa hapa," mama mmoja akasema kutoka nyuma, na shauri likawa limekatwa.

Walimpa jina la Musyoka, maana yake aliyerudi. Jabiri alimweleza Zoran kwa Kiingereza, taratibu, neno kwa neno, kwamba sasa yeye ni mtoto wa mbai hiyo. Nilitegemea acheke. Alilia. Alisema baba yake alikufa vitani, mama naye hayupo, na kule kiwandani wanamwita kwa namba. Akamkumbatia Mzee Ndululu, na ndevu zake zikabaki na asali kwenye koti la kanisani.

"Mtoto akirudi anachinjiwa," Mzee akasema. "Mbuzi iko wapi?"

Hapakuwa na mbuzi karibu, ila wale watatu wangu juu ya lori.

"Mzee, hao ni wa ntheo," nikasema.

"Najua. Tutachinja mmoja."

Ndugu msomaji, nilifurahi kama mjinga. Nilisema moyoni, mbuzi wangu amepokelewa, kisu kimeingia, mimi nimeoa. Nilisaidia kumshika miguu. Nilitafuta kuni kwa mkono wangu. Ini lilipoiva Mzee Ndululu alikata kipande akampa Zoran, akakata kingine akaninyooshea mimi. Nilikila nikimwangalia Kalunde.

"Kiilu," Mzee akasema, nami bado natafuna. "Hapo kifuani umevaa nini?"

Nikaangalia chini. Mguu wa kuku, uzi mwekundu.

"Miezi yote mimi nakuuliza mbai, unakohoa," akaendelea. Sauti yake ilikuwa imelainika, na hilo ndilo lililonitisha. "Nikafikiri unanificha kitu mbaya. Kumbe hukujua. Mtu hana baba, hana mbai, anatoka Mtito Andei, anaenda kutafuta kazi dunia nzima, na kazi anapata ni ya watu wetu. Alama yetu inakaa kwa roho yake kabla yeye hajajua ni nini. Leo amemleta ndugu yake nyumbani, na amekula ini kwa mkono wangu, ini yenye inakuliwa na watoto wa mbai peke yao. Mimi sitaki kusikia hiyo pia imetokea tu."

"Mzee, ngoja kwanza..."

"Mungu alinipa wasichana watano," akasema. Aliyebaki nyumbani alikuwa Kalunde peke yake. "Sijawahi kuita mtu mwanangu."

Akaniita mwanangu.

Hapa nitasema ukweli, na mnicheke mkitaka. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, na hakuna mwanamume aliyewahi kuniita hivyo. Nilipaswa kuruka, nipige kelele, nitapike lile ini. Badala yake nilisimama pale nikasema, "Ndiyo, baba."

Watu wakashangilia.

Kavata akafuta machozi kwa leso, akamgeukia binti yake aliyekuwa ameshika beseni na birika. "Kalunde, mama, nawisha ndugu yako mikono."

Beseni lilianguka. Mimi ndipo nikaelewa nilichofanya.

Kesho yake nilikwenda kwa Pasta Mutie. Nilijua kanisa haliangalii mambo ya mbai, na familia ya Mzee Ndululu haikosi ibada.

"Pasta, nimefanywa ndugu wa mchumba wangu kwa sababu ya jembe."

"Nimesikia," Pasta akasema kwa upole. "Usijali, ndugu yangu. Katika Kristo hakuna mbai. Sisi sote tu watoto wa Baba mmoja."

"Asante, Pasta. Basi tufungishe ndoa."

"Hapo sasa." Akakuna shingo. "Mimi siwezi kufungisha ndoa ya ndugu na dada. Neno limekataza."

"Umesema hakuna mbai."

"Mbai hakuna. Lakini baba yako ni Mzee Ndululu, na yeye ni mzee wa kanisa. Nitasimama aje mbele yake?"

Nilipoinuka niliona jembe jipya limeegemezwa nyuma ya mlango wake. Mguu wa kuku uliniangalia. Pasta alinifuata mpaka nje, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye ni wa mbai hiyo, kwa hiyo nimpe salamu Musyoka.

Kalunde nilimkuta mtoni. Mto wetu maji yake yako chini, kwa hiyo alikuwa ndani ya shimo la mchanga mpaka kiunoni, akichota kwa kikombe.

"Umeamka salama, kaka?" akasema bila kuniangalia.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Baba amesema utajengewa nyumba kando ya zizi. Amenituma nikuulize unataka mlango uangalie wapi."

"Kalunde, ilikuwa ni bahati mbaya."

"Ilikuwa ini. Kwani uliona njaa aje, hungeweza kusema umeshiba?"

"Baba yako alinipa kwa mkono wake."

"Na angekupa sumu?"

"Ningekula. Nilitaka kukuoa."

Kikombe kikajaa mchanga, akakimwaga.

"Jana usiku nimelia mpaka mama akafikiri nalia furaha," akasema. "Sasa nisikize, usiongee mpaka nimalize. Siku hizi mwizi wa asali anafanywa nini?"

"Anatozwa faini. Fahali, nafikiri."

"Anatoa fahali, anaomba msamaha, inaisha. Yule mume wa shangazi yangu wa Tseikuru aliiba asali ya babu. Akalipa. Mwaka uliofuata akaleta mbuzi na akapewa shangazi. Umeelewa? Mwizi anaweza kuoa. Ndugu hawezi, hata akilipa ng'ombe zote za Kitui."

"Unataka nisimame mbele ya watu niseme mimi ni mwizi?"

"Nataka unioe. Hiyo ingine ni njia tu."

Niliifikiria. Kila upande nilioshika ulikuwa sawa. Zoran sikutaka aaibike, kwa hiyo tulikubaliana niseme ni mimi peke yangu. Niseme niliiona alama kwenye mizinga yao, nikaichora, nikaipeleka kiwandani ili majembe yauzike Nuu. Wizi mkavu, hauna mwenzi.

"Usitetemeke ukisema," Kalunde akaniambia. "Wewe ukisema uongo unatetemeka. Uangalie viatu vya Baba."

Jumamosi wazee wa mbai walikutana tena penye stoo, ili kupanga safari ya asali. Zoran alikuwa amekaa katikati yao na blanketi begani, akichonga kizibo cha mzinga, hana habari na dunia. Nikasimama. Nikaangalia viatu vya Mzee Ndululu.

"Mimi ni mwizi," nikasema.

Kisu cha Zoran kikasimama. Nikawaeleza yote kama tulivyopanga, kwamba nilinakili, kwamba nilipeleka, kwamba kiwanda hakina kosa na Musyoka hana kosa. Sikutetemeka. Nilipomaliza nilisema niko tayari kutoa fahali.

Jabiri aliyekuwa ameegemea lori alifunika uso kwa kofia. Kalunde alisimama mlangoni, vidole vyake vimeng'ang'ania kanga. Nilianza kusikia moyo wangu ukirudi mahali pake.

Mzee Ndululu alinigeukia.

"Hiyo alama ulichukua lini?"

"Mwaka jana, Mzee."

"Mwaka jana ulikuwa mtoto wa nani?"

"Sikuwa mtoto wa mtu."

"Ulikuwa mtoto wangu," akasema. "Ni vile tulikuwa hatujajua." Akawageukia wenzake. "Mtoto akiingia kwa nyumba ya baba yake achukue kitu, huyo anaitwa mwizi?"

"Hapana," wazee wakajibu.

"Na akichukua alama ya baba yake apeleke mpaka Yugoslavia, wazungu waipige kwa chuma, irudi hapa na lori mzima, huyo ameiba ama ametangaza mbai?"

"Ametangaza."

Wakapiga makofi. Zoran naye akapiga, akaniita kaka kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. Mzee mmoja akasema mtu anayekubali kosa ambalo si kosa ana roho ya Kitonga kabisa.

Nikakaa chini. Nilikuwa nimejiita mwizi hadharani na sikupata hata faini.

Hapo ndipo pikapu nyeupe ilipoegeshwa karibu na lori la Jabiri. Akashuka Nzomo wa Mwingi, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, na kamba mkononi. Nyuma ya kamba, mbuzi watatu.

Habari zilikuwa zimemfikia. Hakuwa na haja ya kuniangusha, nilikuwa nimeanguka mwenyewe.

"Mzee," akasema kwa heshima zote, "nimesikia binti hana mtu. Nimekuja na ntheo."

Mzee Ndululu akainuka, akaipokea kamba. Roho ikanitoka. Lakini hakubaki nayo. Alitembea pole pole mpaka nilipokuwa nimekaa, akanisimamisha, akaniwekea kamba kiganjani.

"Wasichana wanne nimepokea mbuzi zao mwenyewe," akasema, "kwa sababu sikuwa na kijana wa kusimama na dada zake. Leo nitakaa kama wazee wengine. Pokea, mwanangu."

Watu wote wakaniangalia. Mbuzi mmoja akaanza kutafuna ovaroli yangu, pale penye alama.

"Baba." Ilikuwa sauti ya Kalunde. Alikuwa ametoka mlangoni akaja mpaka katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuna msichana aliyelifanya Nuu siku hizo. "Kaka akipokea, nitaenda. Kaka akikataa, siendi mahali."

Wazee wakanung'unika, kisha wakatulia. Neno lilikuwa la haki. Ndugu akikataa, mbuzi hurudi.

"Ni haki yake," Mzee Ndululu akasema. Akanishika bega. "Lakini ujue, mwanangu. Ukikataa, umekataa kama ndugu. Mbele ya hawa watu wote. Baada ya hapo usije ukaniambia ati wewe si wa kwangu."

Nikaelewa mtego wote kwa mara moja. Nikipokea, Kalunde anaondoka na pikapu nyeupe. Nikisema mimi si ndugu, sina haki ya kukataa, na Mzee mwenyewe atapokea, Kalunde anaondoka na pikapu nyeupe. Nikikataa, anabaki, lakini anabaki dada yangu mpaka siku ya kufa. Nilimtafuta Jabiri kwa macho. Jabiri alikuwa akiangalia magurudumu ya lori lake.

Kalunde hakunisaidia. Aliniangalia tu, macho yamejaa maji, na nikajua akichukuliwa na mtu yule nitakufa. Mambo ya ndugu yangengoja.

"Nakataa," nikasema.

Nikamrudishia Nzomo kamba yake.

Kalunde alijifunika uso. Kavata akasema ahsante Yesu, sijui kwa lipi. Mzee Ndululu alinikumbatia mbele ya mbai nzima. "Karibu nyumbani," akaniambia sikioni. Nilimchukia na kumpenda kwa pamoja.

Nzomo alibaki amesimama na mbuzi wake kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Alianza kugeuka.

"Kijana, ngoja," Mzee Ndululu akamwita. "Usiende na hasira. Huyu mwanangu hana ubaya. Mwanamume akikaa sana bila bibi ndiyo anaonea wivu dada yake. Hiyo ni shida ya kwangu sasa, mimi ndiye baba." Akamtazama Nzomo juu mpaka chini, akatazama pikapu, akatazama mbuzi wangu wawili waliobaki, wamefungwa kando ya lori. "Nyinyi kwenu mbai ni safi. Wewe uko na dada?"

Nzomo aliniangalia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu.

"Niko naye," akasema. "Anaitwa Mbinya. Tumekuja naye, amebaki kwa gari."

"Mwite," akasema baba yangu.

Mlango wa pikapu ulifunguka kabla hajaitwa.